Kufunga keria juu ya gari: kuanzia hesabu ya kilo hadi fundo la mwisho

Mtu akienda kwa fundi wa kuchomelea kutaka keria, neno la kwanza ni "nitengenezee ngumu." Fundi naye hana hiyana. Anatoa bomba nene za mraba, anaunga fremu ya ghorofa mbili, anamwagia rangi nyeusi, na mteja anaondoka akiringa. Anachokuwa hajaambiwa ni kwamba gari lake limeshabebeshwa kilo 50 kabla hata ya gunia la kwanza kupanda. Kwa hiyo tutaanza na hesabu, spana zitafuata.

Paa lako linaruhusiwa kilo ngapi

Kila gari lina kiwango cha uzito ambacho paa lake linaweza kubeba likiwa kwenye mwendo, na kiwango hicho kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Magari mengi ya kawaida yako kati ya kilo 50 na 100. Gari lililotoka Japani mara nyingi huja na kitabu cha Kijapani ndani ya droo ya dashibodi, na wengi wetu hukitupa wiki ya kwanza. Kitunze. Elekeza kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri kwenye kurasa za mizigo, tafuta namba iliyofuatwa na "kg", utaipata. Kama kitabu hakipo, tafuta mtandaoni kitabu cha Kiingereza cha modeli hiyohiyo iliyouzwa nchi nyingine. Ukikosa kote, mimi kwa gari dogo ningehesabu kilo 50 na nisingezidisha, hata kama jirani anabeba nyumba nzima juu ya gari kama langu.

Sasa sikiliza jambo linalosahaulika: kiwango hicho kinajumlisha na keria yenyewe.

Bomba la mraba la milimita 25 kwa 25, unene wa milimita 2, lina uzito wa karibu kilo 1.4 kwa kila mita. La 30 kwa 30 ni kama kilo 1.8. La 40 kwa 40 linafika kilo 2.4, maana yake kipande kizima cha mita 6 unachonunua dukani ni zaidi ya kilo 14. Chukua ile keria "ngumu" ya mita 1.2 kwa 1.8: fremu ya chini ya bomba la 40, ukingo wa juu wa bomba la 25, vyuma sita vya kukatiza, na miguu. Unapata karibu kilo 38. Mwenye gari akiomba na sakafu ya bati la milimita 1, ongeza kilo 17. Jumla 55. Ikiwa paa linaruhusu 75, umebakiwa na kilo 20 za mzigo, yaani hata mfuko mmoja wa saruji haupandi.

Fanya kinyume chake: mihimili mitatu ya kukatiza ya bomba la 30, kila mmoja mita 1.2, pamoja na miguu sita ya kushikia. Hiyo yote ni kama kilo 10 tu, na umebaki na 65 za kazi. Bomba la 30 likishikwa vizuri pande zote mbili halitapinda kwa mzigo huo. Keria hukatikia miguuni, pale chuma kinapokutana na bodi, na ndiko pesa na akili yako vinapotakiwa kwenda. Ukubwa wa bomba haukusaidii kitu kama mguu umeshikilia bati la paa lenye unene usiofika milimita moja.

Usisahau pia kwamba kilo za juu si sawa na kilo za ndani ya buti. Zinapandisha kitovu cha uzito, gari linayumba zaidi kwenye kona na linachelewa kutulia. Aliyewahi kuteremka Kitonga nyuma ya Noah iliyopakiwa juu anajua ninachosema. Vitu vizito, kama saruji, mchele, betri na vyuma vifupi, viende ndani, chini kabisa. Juu peleka vitu virefu au vipana ambavyo ndani haviingii. Gunia la lumbesa juu ya gari dogo ni kosa hata likiwa moja, kwa sababu linaweza kuzidi kiwango chote cha paa peke yake.

Tazama paa lilivyo

Njia ya kufunga inaamuliwa na paa. Zunguka gari, pitisha kidole juu ya milango.

Magari ya kazi kama Land Cruiser za 70 na Hiace yana mtaro wa maji, ule ukingo wa bati uliokunjwa kandokando ya paa. Hapa umebahatika, kwa maana mtaro uko sehemu ngumu ya bodi na mguu wa keria unaubana bila kutoboa kitu.

Mengine yana reli za kiwandani zinazotoka mbele kwenda nyuma. Kama kuna nafasi ya kupitisha vidole kati ya reli na paa, klempu inazunguka reli na kuibana. Kama reli imelala juu ya paa bila nafasi, inahitaji miguu yake maalumu. Ila hakikisha reli ni reli kweli: gonga, vuta, angalia bolti zake. Kuna mapambo ya plastiki yanayobandikwa kwa gundi na huwezi kuyatambua ukiwa mbali.

Kundi la tatu ni paa tupu lenye matundu ya siri. Kwenye ule mfereji mwembamba wa pande mbili za paa kuna ukanda wa plastiki au raba. Ukiinuliwa polepole, au ukifungua vifuniko vidogo vilivyopo juu yake, unakuta nati zilizochomelewa tangu kiwandani kwa ajili ya keria. Watu wametoboa mapaa yao huku matundu haya yakiwa sentimita chache pembeni. Angalia kwanza.

La mwisho ni paa tupu kabisa, na magari mengi madogo yako hapa. Njia nzuri ni miguu inayokaa juu ya ukingo wa paa, yenye ndoano ya bati inayoingia kwenye fremu ya mlango na kukazwa. Kutoboa ni njia ya mwisho, nitaieleza baadaye kwa wanaolazimika.

Vya kuandaa

Tepu ya kupimia, penseli ya mafuta au chaki, spana namba 10 na 13 (10 kwa bolti za M6, 13 kwa za M8), grenda, drili na keekee zake, msasa, brashi ya waya, rangi ya kuzuia kutu, raba nene, na bolti zenye alama 8.8 kichwani. Bolti isiyo na alama yoyote iache dukani. Nunua nati zenye duara la naironi ndani, zile ambazo ukizikaza zinakuwa nzito mkononi. Hazifunguki kwa mtetemo. Kwa Dar, Gerezani utapata kila kitu katika mitaa michache, na kwa Nairobi Kirinyaga Road kuna miguu na mihimili iliyotengenezwa tayari. Ukikuta seti ya zamani ya Kijapani inayolingana na gari lako, bei yake ikiwa na akili, ichukue. Mguu uliotengenezewa gari lako ni bora kuliko wowote utakaochongewa mtaani.

Raba nzuri ya kuweka chini ya miguu hukatwa kwenye tairi kuukuu, ubavuni, ambako hakuna nyaya nyingi. Tyubu ni nyembamba mno, inakatika baada ya muda na chuma kinaanza kula rangi.

Kupima

Pima upana wa paa sehemu tatu: mbele, katikati, nyuma. Paa la gari halina upana mmoja, karibu kila gari ni jembamba zaidi mbele, na fundi aliyekata mihimili yote sawasawa atajikuta anaulazimisha mguu wa mbele kwa nyundo.

Kisha pima mwinuko. Laza ubao ulionyooka juu ya paa, kutoka upande hadi upande, na utaona paa limevimba katikati. Mhimili lazima ulikwepe hilo tumbo na bado ubaki na nafasi ya vidole viwili hivi, kwa sababu ukipakiwa utashuka kidogo na kwenye matuta utashuka zaidi.

Mihimili ikae juu ya nguzo, yaani pale nguzo za milango zinapokutana na paa, au karibu iwezekanavyo. Kati ya mhimili na mhimili acha sentimita 70 hadi 100. Mbao ndefu na ngazi zinahitaji mihimili iliyo mbali; ikikaribiana sana, mzigo unakuwa na mikia mirefu mbele na nyuma inayopigapiga.

Jambo moja kabla hujakata: fungua mlango wa nyuma hadi mwisho wake. Kwenye Noah, Probox na ndugu zao mlango huo unainuka na kurudi juu ya paa. Weka alama unapofika. Nimeona keria nzuri sana ambayo mwenye gari hawezi kufungua buti zaidi ya nusu, anaingiza mizigo kwa kuinama kama anayeingia kwenye hema. Angalia na antena, na kama kuna dirisha la paa, liache lifunguke au ukubali kwamba umelifunga moja kwa moja.

Kuchonga na kuchomelea

Kazi ya kuchomelea ifanyike chini, mbali na gari. Cheche zinaingia kwenye kioo na haziondoki, na rangi ya paa inatoboka vidoti vinavyoanza kutu baada ya mvua mbili. Kama kuna kipande ambacho lazima kishikizwe kikiwa juu ya gari, kishikize kwa klempu, weka alama, shusha, kachomelee. Fundi akisisitiza kuchomelea palepale, chomoa waya za betri kwanza na funika vioo na paa kwa blanketi lililoloweshwa. Mimi ningetafuta fundi mwingine.

Mguu wa kubana mtaro wa maji una sehemu mbili: kipande cha juu kinachosimama ndani ya mtaro, na kipande cha nje chenye kulabu kinachoshika mtaro kwa chini. Bolti mbili za M8 zinavivuta pamoja. Kipande cha juu kikalie urefu wa sentimita 8 au 10 za mtaro, kisiwe ncha ya bomba peke yake, maana ncha inakunja mtaro kama kopo. Kwa Hiace na Land Cruiser tumia miguu mitatu au minne kila upande.

Toboa tundu dogo la milimita 4 au 5 chini ya kila bomba, sehemu iliyo chini zaidi, ili maji yatoke. Wengi huziba bomba pande zote wakidhani wamezuia maji. Unyevu unaingia hata hivyo, unakaa, na bomba linaoza kwa ndani huku nje linang'aa. Kwa watu wa pwani hili si la hiari. Ncha za mihimili zifungwe kwa vifuniko vya plastiki, vinginevyo zitapiga filimbi kwenye upepo na siku moja zitakata paji la uso la mtu.

Sugua maungio yote kwa brashi ya waya, toa maganda ya kuchomelea, paka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, acha ikauke, ndipo upake rangi ya juu. Mguu upakwe ukiwa umefunguliwa, na ndani ya kulabu pia.

Kufunga

1. Osha paa na mtaro, kausha. Mchanga unaobaki chini ya raba unafanya kazi ya msasa kila gari linapotikisika.

2. Kagua kutu. Chomachoma mtaro kwa bisibisi. Ukisikia bati linabonyea au linatoa maganda, simama hapo. Hilo linahitaji fundi wa bodi kabla ya keria.

3. Weka raba, kisha weka mihimili au fremu ukiwa na msaidizi upande wa pili. Usiiburute juu ya paa.

4. Ingiza bolti zote kwa mkono. Usikaze hata moja mpaka zote ziwe zimeingia na keria imekaa katikati. Pima kutoka mguu hadi pembe ya kioo cha mbele pande zote mbili, vipimo vilingane.

5. Kaza kwa mkingamo: mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia, nyuma kushoto, halafu ya katikati. Zungusha kidogokidogo, rudia mzunguko mara tatu. Bolti ya M8 ya daraja la 8.8 inahimili karibu nyutoni-mita 25, ila kwenye miguu ya dukani fuata namba ya mtengenezaji, ambayo kwa kawaida ni ndogo. Kwa matundu ya kiwandani ya M6 kuwa mpole sana. Nati ile imechomelewa ndani ya bati, ikijinyonga hutaifikia tena bila kushusha silingi.

6. Fanya jaribio la kutikisa. Shika mhimili kwa mikono miwili, sukuma na uvute kwa nguvu ya mwili. Gari lote linatakiwa kuyumba juu ya springi zake pamoja na keria. Keria ikisogea peke yake, hata kwa mwendo wa kucha, bado hujamaliza. Sikiliza pia: sauti ya "tak" ina maana chuma kimegusa chuma mahali raba ilipotakiwa kuwa.

7. Fungua na ufunge milango yote. Kwa miguu ya fremu ya mlango, mlango usilazimishwe. Ukigoma kufunga, ndoano imekaa vibaya au ni nene.

8. Endesha bila mzigo, kisha rudia kukaza baada ya kilomita 50 hivi. Raba mpya hujibana na rangi chini ya kulabu hubanduka, hivyo bolti iliyokuwa ngumu jana leo imelegea na wala haijafunguka.

Ukilazimika kutoboa

Ushauri wangu ni usitoboe. Paa lililotobolewa linavuja siku yoyote, na mnunuzi wa baadaye ataliona. Lakini kuna magari ya kazi yasiyo na njia nyingine, basi na ifanywe ipasavyo.

Shusha silingi ya ndani kwanza. Usitoboe kwa kubahatisha kutoka juu. Kandokando ya paa hupita waya za taa na antena, mabomba ya kutolea maji ya dirisha la paa, na kwenye magari mengi ya miaka hii mifuko ya hewa ya pembeni, ile inayoshuka kama pazia. Keekee ikigusa hapo umeharibu kifaa cha kukulinda, na kikilipuka usoni mwako kitakuumiza. Gari lenye mifuko hiyo lipeleke kwa anayelijua.

Tafuta mbavu za paa, zile fito za bati zilizopindwa zinazokatiza kutoka upande hadi upande. Toboa palipo na ubavu au kwenye ukingo, kamwe si kwenye bati tupu la katikati. Anza na keekee ya milimita 3, panua taratibu. Unga wa chuma unaoanguka juu ya paa uondoe wote kwa sumaku na kitambaa. Ukiuacha usiku mmoja wa Tanga au Mombasa asubuhi utakuta vidoti vya kahawia. Ukingo wa tundu paka rangi ya kuzuia kutu na usubiri ikauke. Chini, ndani ya gari, weka bamba la chuma la milimita 3, kama sentimita 5 kwa 10, ili nguvu itawanyike.

Kuziba: usitumie silikoni inayonuka siki. Ile siki ni asidi inayotoka inapokauka, nayo inaanzisha kutu palepale ulipotaka kuizuia. Omba silikoni isiyo na harufu hiyo, au gundi ya bodi inayotumika kwenye vioo vya magari. Zungushia tundu, pitisha bolti na washa ya raba, kaza nusu, acha igande, ndipo umalizie kukaza. Mwagia maji kwa mpira kwa dakika kumi huku mtu yuko ndani na tochi. Silingi irudi baada ya hapo, si kabla.

Mzigo na upepo

Kila mtu anaogopa mzigo mzito. Mimi naogopa zaidi mwepesi ulio mpana.

Chukua godoro la sita kwa sita. Ni jepesi, watu wawili wanalirusha juu, kamba mbili katikati, safari. Kwenye kilomita 80 kwa saa upepo ukiingia chini ya ukingo wa mbele unaweza kulivuta juu kwa nguvu inayokaribia kilo 100. Kamba za katikati hazizuii. Godoro linakunjika kurudi nyuma, na kinachofuata ni dereva wa nyuma yako ndiye anayelipokea. Ndivyo ilivyo kwa plaiwudi na bati. Tangi tupu la maji la lita 1,000 halivutwi juu sana, ila linasukumwa nyuma: kwenye kilomita 100 kwa saa kwa nguvu ya kama kilo 60, kwenye kilomita 50 kama kilo 15 tu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo inaongezeka mara nne, na hapo mguu wako wa kulia unakusaidia kuliko kamba yoyote.

Kwa hiyo mzigo mpana una kamba za aina mbili. Za kukatiza, zinazoubana kwenye mihimili, na za mbele na nyuma, zinazoshuka hadi kwenye ndoano za chini ya gari. Magari mengi ya Kijapani yana ndoano za kuvutia au za kufungia melini chini ya bampa. Usifunge kwenye bampa lenyewe, ni plastiki. Kamba ya mbele ishuke kama herufi V iliyogeuzwa, pande zote mbili za boneti, na isipite kwenye wipa. Ukingo wa mbele wa plaiwudi au godoro ubanwe na mbao iliyolazwa juu yake na kufungwa kwenye mhimili, ili upepo usipate mlango.

Breki nazo zinadai haki yake. Kanuni za Ulaya za kufunga mizigo barabarani zinataka mzigo uzuiwe kwenda mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na pembeni na nyuma kwa asilimia 50. Kwa kilo 60 za mabomba, hiyo ni kilo 48 zinazotaka kupita juu ya boneti yako unaposhika breki za ghafla. Mabomba na mbao laini huteleza ndani ya kamba hata ikiwa imekazwa, hivyo zungusha kamba mara mbili kuzunguka fungu zima kabla ya kuifunga kwenye mhimili.

Uzito wa bati unaweza kuukadiria mwenyewe: mita moja ya mraba ya chuma chenye unene wa milimita 1 ni karibu kilo 7.9. Bati la milimita 0.3 lenye mita za mraba 2.5 linakuwa kama kilo 6. Kumi ni 60, ishirini ni 120. Bati ishirini juu ya Probox ni uzito wa watu wawili waliokaa juu ya paa, ingawa kwa macho yanaonekana kama karatasi. Lipa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, au pikipiki ya magurudumu matatu.

Kamba na fundo

Mkanda wa racheti ni mzuri kuliko kamba, mradi lebo yake isomeke. Tafuta herufi LC na namba; 250 daN ni takriban kilo 250 za kushikilia. Usiukaze hadi mhimili upinde. Usokote mzunguko mmoja kati ya mzigo na mhimili, hautavuma kwenye upepo.

Kwa kamba, kumbuka kwamba naironi ikilowa inarefuka na katani ikilowa inajikaza. Mvua ikikukuta njiani na naironi, simama ukaze upya. Mipira ya tyubu ni ya kushikia turubai, haifungi mzigo. Inavutika, na kitu kinachovutika kinaupa mzigo nafasi ya kuanza kucheza.

Fundo linalofaa ni lile la matingo wa malori. Funga ncha moja ya kamba upande wa kushoto, rusha kamba juu ya mzigo. Upande wa kulia, kama usawa wa kifua, kunja kitanzi kidogo ndani ya kamba kwa kukisokota mara mbili ili kisifumuke. Pitisha ncha iliyobaki chini ya mhimili, ipandishe, ipitishe ndani ya kile kitanzi, kisha vuta kuelekea chini. Kamba inateleza kwenye kitanzi na kuongeza nguvu ya mkono wako, utasikia mzigo unalalamika. Ukiwa umevuta, bana kwa vidole pale kamba inapopita kitanzini, kisha malizia kwa mafundo mawili ya nusu chini yake. Halafu gonga kamba kwa kiganja. Itoe mlio wa nyuzi, isiwe bwete.

Njiani

Simama baada ya kilomita chache za kwanza, ukague, kisha kila unapopumzika. Barabara ya vumbi yenye mawimbi inalegeza zaidi ya mwendo wa lami. Pampu matairi kwa kipimo cha gari lililopakiwa, kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Mzigo unaochomoza nyuma ufungwe kitambaa chekundu mchana na taa nyekundu usiku. Usifunike namba ya gari wala taa. Binadamu hapandi juu ya keria, hata "mpaka pale tu."

Pima urefu mpya wa gari kutoka chini hadi juu ya mzigo, uandike kwenye karatasi, ubandike karibu na usukani. Mageti ya maegesho ya maduka makubwa na mabati ya vibanda vya kuoshea magari hayana huruma, na dereva husahau keria siku ya tatu.

Matunzo

Kila mwezi zungusha spana kwenye bolti zote, na angalia mipasuko midogo kandokando ya mshono wa kuchomelea, hasa pale mguu unapoungana na mhimili. Mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi nzima ndiyo dalili ya ufa. Usichomelee juu yake. Saga hadi uupate mwisho wake, ndipo uchomelee.

Kama huna mizigo kwa miezi, ishushe. Inakula mafuta ikiwa tupu, na ikivuma unaweza kuzungusha kamba nyembamba kwenye mhimili wa mbele kama nyoka aliyejiviringisha kwenye tawi, kelele itapungua. Unapoishusha weka alama kwenye kila mguu, mbele kulia, nyuma kushoto na kadhalika, na bolti zake zirudishe kwenye mguu huohuo kwa mizunguko michache, zisiende kwenye kopo la bolti mchanganyiko. Mtaro ulikokuwa umebanwa utakuwa umechubuka hapa na pale; paka rangi siku hiyohiyo.